Osha Mikono, Usioshe Sarafu

Najua nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, mtanisamehe, majaribio yamefuatana bila huruma na bumu lenyewe limeingia juzi tu. Leo nilipanga kuandika habari za wali wa kantini kama nilivyoahidi. Lakini nina hasira. Kantini itasubiri, haihami.

Hasira zenyewe zimeanzia kwenye simu ya baba yangu mdogo, jana jioni, kutoka nyumbani Samunge. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia kuna dalali amefika kijijini na rupia ya Mjerumani, ya fedha, ya mwaka elfu moja mia nane tisini na kitu. Dalali anasema ni mpya kabisa, haijawahi kutumika, na akiiweka karibu na mchele inauvuta. Anataka thamani ya ng'ombe wawili. Eti kuna tajiri mjini atailipia mara ishirini. Baba mdogo anataka kupeleka ng'ombe mnadani Jumamosi, ila kaona aniulize kwanza mimi, maana ndiye "msomi wa historia" wa ukoo.

Nikakata simu nikawasimulia wenzangu wawili hapa hosteli. Wa kwanza akasema, "Si anunue tu bana, sarafu ya zamani ni mali, ya mwaka huo lazima iwe mamilioni." Nikamwambia kinachouzwa hapo sio mwaka, ni hali ya sarafu, na hali ina madaraja yake. Wa pili akacheka, "Hayo magredi ni mambo ya wazungu, huku kwetu sarafu ni sarafu."

Sasa basi, nawajibu wote wawili hapa hapa, na naandika kwa nguvu kwa sababu makosa yao nilishayafanya mimi mwenyewe, kwa mikono hii.

Wengi mkisikia Samunge mnakumbuka kitu kimoja tu, kikombe cha Babu. Mwaka 2011 nilikuwa mtoto mdogo, lakini foleni ile siisahau. Magari yalijipanga kilomita kwa kilomita, watu wamelala porini, wagonjwa wamebebwa, wote wanamtafuta Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye alifariki mwaka 2021. Habari ya dawa yenyewe sio mada yangu leo. Mada yangu ni bei. Kikombe kilikuwa jero. Uje na gari la kifahari au kwa miguu, jero. Na jero ya wakati ule ilikuwa noti, hii ya sarafu tuliyonayo mfukoni sasa ilikuja 2014.

Bibi yangu aliuza chai na viazi kwa watu wa foleni. Siku moja mzee mmoja aliyetoka upande wa Kenya, aliyekaa pale siku nne na chenji imemwishia, alimwachia bibi shilingi mbili za zamani zenye simba. Akamwambia, "Mama, hizi nilipewa na baba yangu, na wewe umenilisha kama mwanao, zikae kwako." Bibi akazitia kwenye kopo la Blue Band pamoja na zile senti za tundu alizoachiwa na mama yake. Kopo likakaa juu ya kabati. Hakuwahi kuzisugua, hakuwahi kuzipaka chochote.

Mimi ndiye niliyezisugua. Likizo ya mwaka wa kwanza, bumu limechelewa, nina madeni ya fotokopi na chakula, nikamwomba bibi shilingi moja ya simba nikauze Arusha. Akanipa bila maswali. Ilikuwa ya mwaka 1925, rangi ya moshi, imetulia. Nikaona aibu kupeleka kitu kichafu mjini. Nikachukua limao na majivu, nikasugua nusu saa, ikang'aa kama kijiko cha harusini. Nikajipongeza.

Arusha nikampata mzee mmoja anayekusanya sarafu. Aliishika kwa ukingo, vidole viwili tu, akaigeuza geuza chini ya taa, akachukua kioo cha kukuzia. Haikupita dakika moja akauliza, "Umeiosha na nini?" Nikajifanya sijamsikia. Akatoa ya kwake, ya mwaka ule ule 1925, mfalme yule yule, simba yule yule, ina kivuli cha kijivu. Akasema hii haiuzi chini ya elfu sitini. Yangu akaniambia elfu tano, na hiyo ananionea huruma mwanafunzi. Kisha akasema sentensi ambayo imenikaa kichwani mpaka leo, "Kijana, manyoya ya simba wako bado yanaonekana, kwa hiyo ilikuwa nzuri. Hukuondoa uchafu, umeondoa sarafu."

Sikuiuza. Nilirudi nayo, na bibi sijamwambia. Kama kuna ndugu yangu anasoma hapa, tafadhali niache nimwambie mwenyewe.

Haya, tuje kwenye hoja.

Rafiki wa kwanza, wewe wa "mwaka ndio bei". Hebu chukua riale ya Maria Theresa, iliyotembea sana Unguja na pwani yote. Imeandikwa 1780. Zote zimeandikwa 1780! Hata zilizotengenezwa karne ya 20, maana waliendelea kuzipiga chapa na tarehe ile ile kwa sababu wafanyabiashara waliizoea. Utapima nini hapo kwa mwaka? Chukua senti kumi ya tundu ya 1936, wazee wanaiita peni, yenye jina la Edward VIII. Mtu akisikia huyu mfalme alitawala chini ya mwaka mmoja anadhani ameshika hazina. Wapi! Zilitengenezwa nyingi mno, na iliyochakaa haina bei ya maana. Chukua shilingi yetu ya 1966, upande mmoja Mwalimu Nyerere, upande mwingine mkono umeshika mwenge. Kila siku kuna mtu kwenye simu anawaambia wazee wetu kwamba hiyo ni milioni kadhaa. Jamani, zimejaa kwenye makopo nchi nzima. Iliyotembea sokoni miaka kumi na kitu, pua ya Mwalimu imelala na mwenge umebaki kivuli, haikununulii hata chipsi kavu. Ile ambayo haijawahi kuingia mfukoni mwa mtu, bado ina mng'ao wa kiwandani, hiyo angalau mkusanyaji ataiangalia mara mbili. Mwaka ule ule, sarafu ile ile. Kinachozitenganisha ni hali.

Na hali sio "nzuri" na "mbaya" kama tunavyosema wakati wa kuuza simu za mtumba. Mkusanyaji anaanza kwenye sehemu zilizoinuka, kwa sababu ndizo zinazosuguliwa kwanza na vidole, mifuko na sarafu nyingine. Kwenye shilingi ya simba ni mwili na manyoya ya simba, na upande wa pili ni kichwa cha mfalme. Kwenye rupia ya Mjerumani ni Kaiser Wilhelm II mwenyewe, na hasa yule tai aliyekaa juu ya kofia yake ya chuma. Akimaliza hapo anaangalia uwanda, yaani ile sehemu tambarare isiyo na picha wala maandishi, kama ina mikwaruzo. Kisha mng'ao. Sarafu ambayo haijatumika ukiizungusha chini ya taa mwanga unazunguka nayo, kama spoku za baiskeli. Iliyosuguliwa inang'aa pia, lakini mwanga umekufa, unamwagika sehemu zote sawa, na kwenye kioo unaona mistari midogo midogo inayoelekea upande mmoja. Hiyo mistari ndiyo sahihi ya mtu kama mimi na majivu yangu.

Halafu kuna namba. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja mwanasaikolojia, William Sheldon, alitoa kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani ya zamani, akaweka mizani kuanzia 1 mpaka 70. Wazo lake lilikuwa kwamba sarafu ya 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya 1. Hesabu ya bei ilishakufa zamani, lakini namba zilibaki na leo zinatumika dunia nzima. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijazunguka mikononi mwa watu. Chini ya hapo ni ngazi za kuchakaa, mpaka ile ya 1 ambayo unabahatisha tu kuijua ni sarafu gani. Na iliyosuguliwa? Makampuni makubwa ya Marekani yanayopima sarafu na kuzifungia kwenye plastiki, PCGS ya mwaka 1986 na NGC ya 1987, kwa kawaida hayaipi namba safi. Yanaandika kwamba imesafishwa, basi. Ni kama kwenye matokeo uandikiwe "alikamatwa na kibomu". Hata kama majibu yalikuwa sahihi, hakuna atakayesoma mbele zaidi.

Rafiki wa pili, wewe wa "mambo ya wazungu". Hapa nitakukubalia kidogo halafu nitakukatalia sana.

Nakukubalia kwamba namba ile ilitoka kwa mtu, sio mbinguni. Tena mtu mwenyewe ana kesi! Huyo huyo Sheldon alifariki 1977, na baadaye ikabainika kwamba alikuwa anabadilisha sarafu kwenye hazina ya American Numismatic Society ya New York. Aliacha zake mbovu, akaondoka na zao nzuri za aina ile ile. Fikiria. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kupima hali ya sarafu aliiba kwa kutumia hali ya sarafu, kwa sababu alijua wengine wakihesabu wataona idadi imetimia. Mimi sioni kwamba hii inaua hoja yangu, naona inaithibitisha. Anayejua hali anamwibia asiyejua hali, na aliyeibiwa anabaki anahesabu, "zipo zote".

Nakukubalia pia kwamba wapimaji wanakosea. Sarafu moja ikipelekwa mara mbili inaweza kurudi na namba mbili tofauti. Lakini sisi ni watu wa elimu bana! Kwenye somo la upimaji na tathmini tulipewa insha moja tukaisahihisha darasa zima, na maki zikatofautiana mpaka aibu. Kuna aliyesema basi tusisahihishe mitihani? Tuliambiwa tutengeneze mwongozo wa kusahihisha, tukae, tubishane, kila mmoja aonyeshe maki zake zimetoka wapi. Gredi ya sarafu ni hivyo hivyo. Ni maoni, lakini maoni yenye sababu unazoweza kuziangalia kwa macho yako. "Mpya kabisa" ya dalali ni maoni yasiyo na sababu yoyote zaidi ya ng'ombe wawili.

Na ninapokukatalia ni hapa: eti kupima hali sio kwetu. Nenda mnadani Loliondo. Umeona nani ananunua ng'ombe kwa kuambiwa mwaka aliozaliwa? Watu wanafungua mdomo waone meno, wanashika nundu, wanaangalia kwato, wanamtembeza. Fahali wawili wa umri mmoja, bei mbalimbali, na hakuna anayesema "ng'ombe ni ng'ombe". Baba yangu mdogo ni bingwa wa hiyo kazi, hadanganyiki. Sasa mtu asiyedanganyika kwa ng'ombe anataka kuwatoa ng'ombe hao hao kwa kitu ambacho hajafungua mdomo wake! Hiyo ndiyo inayoniuma. Akili anazo, ila kaaminishwa kwamba kwenye sarafu hazitumiki.

Na hata sarafu zenyewe sio ngeni kama unavyodai. Kilwa ilikuwa inapiga chapa sarafu zake za shaba karne nyingi kabla Mjerumani hajatia mguu. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa za kwake zenye picha ya mizani, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Neno pesa lilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, neno hela tumelirithi kwenye heller ya Mjerumani. Vitu tumevitumia, majina tumeyachukua, jicho la kuvipima ndio tunasema la wazungu?

Tena kuna mahali jicho letu linatakiwa kuwa kali kuliko la mgeni. Mwaka 1916, vita imewabana, Wajerumani walitengeneza sarafu za heller 20 pale Tabora, nyingine za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya njano, kwa mitambo ya kubahatisha. Nyingi zilitoka na chapa hafifu tangu siku ya kwanza. Mtu aliyezoea kazi safi za Ulaya anaweza kuona herufi zimefifia akasema imechakaa. Anayejua historia ya Tabora ataangalia kama hapo palipofifia pamesuguliwa au palizaliwa hivyo. Hakuna kitakachomzuia mtoto wa Tabora kuwa mpimaji bora wa heller za Tabora, isipokuwa hii dharau yetu.

Sasa rudi kwa dalali. Nilimwomba baba mdogo anitumie picha kwa WhatsApp, pande zote mbili, karibu na dirisha. Zikaja saa tatu usiku. Tai wa kwenye kofia ya Kaiser amekuwa kama kipande cha sabuni, hana bawa wala mdomo. Lakini uwanda unang'aa kama sufuria mpya. Jamani! Kama haijawahi kutumika, tai kaenda wapi? Na kama imetumika mpaka tai akafutika, huo mng'ao umetoka wapi? Moja kati ya mawili: ni rupia ya kweli iliyochakaa ikasuguliwa, au sio rupia kabisa. Rupia ya kweli ni fedha, kama asilimia 92, ina uzito wa gramu 11 na pointi 66, na sumaku haiigusi. Nikamwambia atafute sumaku ya spika mbovu na mizani ya duka la vito, asimwamini mtu anayeleta mchele badala ya mizani. Fedha haivuti mchele. Kinachovutwa pale ni ng'ombe.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Wewe mwanangu umesoma, lakini hela huna. Yule dalali hajasoma, ana pikipiki mbili."

Sikuwa na jibu. Usiku kucha nimekuwa nikilitafuta, na nadhani jibu ni hili. Dalali naye amesoma. Anajua hali ya sarafu kuliko sisi wote, ndiyo maana alijua ni ipi ya kusugua. Pikipiki zake mbili zimetokana na elimu ambayo sisi tunaikataa kwa kuicheka, na akiendelea hivi ya tatu itatoka kwetu Samunge.

Kwa hiyo nawaomba, sio ombi la kistaarabu, ni la hasira. Likizo hii mkifika makwenu, ulizeni kopo liko wapi. Kila nyumba ina kopo. Shikeni sarafu kwa ukingo, msiguse uso wake kwa kidole chenye jasho. Msitie limao, majivu, dawa ya meno, steelwire wala Coca-Cola. Msizibandike kwa selotepu. Msizifungie kwenye vile viplastiki laini vinavyotoa unyevu wa kunata, karatasi safi kavu inatosha. Andikeni kwa penseli, kwenye karatasi sio kwenye sarafu, imetoka kwa nani na lini. Na akija mtu na bei, mwambieni kwanza aseme hali yake na aonyeshe kwa kidole kwa nini. Akishindwa, mpeni chai aende zake.

Sisi ndio walimu wa kesho. Mwaka ujao tutatawanyika kwenye TP, kila mtu na shule yake. Kama hatuwezi kumtofautishia mwanafunzi kitu kinachong'aa na kitu kizima, basi na sisi wenyewe tumesuguliwa tu.

Nilipomaliza na baba mdogo nikaomba niongee na bibi. Nikamuuliza kopo lipo? Akasema lipo pale pale. Nikamwambia asimwonyeshe mtu yeyote kwanza, na asikubali mtu azisafishe. Akacheka. "Nani azisafishe, mjukuu wangu? Mimi hata vumbi sifuti. Wewe ukija nawa mikono tu, mengine tutaongea. Na ile moja uliyochukua, ulipata bei nzuri?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumamosi ni keshokutwa. Nikipata habari za wale ng'ombe nitawaandikia.